Divai Zilizovaa Soksi

Watu wengi huandikwa wakishakufa, tena huandikwa vizuri, hata waliokuwa wakorofi. Huyu wangu bado yu hai, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na ndiyo maana nimeona niwahi. Akifa nitalazimika kumsifu.

Tulimwita Bwana Forodha. Jina alilopewa na wazazi wake lipo na ninalijua, lakini silitumii hapa. Yeye aliwahi kumvua mama yangu jina lake mbele za watu akambandika lingine, na sioni kwa nini mimi niwe mwungwana kumzidi.

Alikuwa amestaafu kazi ya mpakani, hapa hapa Tunduma. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilitazamana na yetu, katikati kinjia tu. Ilikuwa na baraza pana la sakafu nyekundu, na juu ya baraza hilo, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, alifanya kazi aliyojipa mwenyewe ya kuonja divai za watu na kusema ipi inafaa na ipi haifai.

Nieleze, maana atakayesoma haya akiwa mahali penye maduka yaliyojaa hatanielewa. Miaka ile rafu za maduka zilikuwa zimebaki na chumvi na majani ya chai, na siku nyingine chumvi peke yake. Bia ilikuwa kitu cha kusikia kwamba imefika Mbeya. Vya ng'ambo, kule Nakonde upande wa Zambia, vilikuwepo, ila kuvivusha ni kucheza na mgambo. Kwa hiyo akina mama walitengeneza divai zao majumbani: ya mapera, ya ndizi, ya mapapai, ya nanasi likipatikana. Mama yangu alitengeneza ya masuku, yale matunda ya porini yenye ganda la kahawia na nyama tamu. Tuliyaokota wenyewe, mvua za kwanza zikishanyesha, tukirudi na magunia kichwani na mikono inanata kama tumeiba asali.

Divai hizo zilikuwa za bei ya mtu wa kawaida, na watu wa kawaida wana harusi, wana ubatizo, wana wageni. Mwenye harusi hakutaka kubahatisha. Alisubiri Jumamosi ipite, kisha akauliza, Bwana Forodha kasemaje? Neno lake lilifika mpaka Itaka, kwa wakulima wa kahawa, ambao baada ya mavuno walikuwa na sherehe nyingi kuliko siku za kuzifanyia.

Maksi hakutoa. Maksi, alisema, ni za watoto wa shule. Alitumia ngazi za Chama. Divai dhaifu ilikuwa ya Nyumba Kumi, yaani anywe balozi na majirani zake, isivuke barabara. Yenye nafuu ilikuwa ya Tawi. Juu yake Kata, halafu Wilaya, halafu Mkoa. Kileleni kulikuwa na Taifa, na Taifa hakuwahi kumpa mtu. Taifa ni moja, alisema, hawezi kuligawa kwa kila mwenye pipa. Na chini ya zote kulikuwa na zile alizosema hazijapata kadi ya Chama.

Kuna baba mmoja aliwahi kupanda kutoka Kamsamba na chupa ya divai ya mchele. Kamsamba ni joto, na chupa ile ilikuwa imesafiri juu ya gari chini ya turubai siku nzima. Bwana Forodha akaipakata, akaanza kulegeza kizibo huku akitoa hotuba kuhusu subira. Kizibo kiliondoka chenyewe, kikagonga bati, na divai yote ikaishia kwenye suruali yake. Akajifuta, akafikiri, akasema, "Hii ni ya Mgambo." Mzee wa Kamsamba alirudi kwao amefurahi sana, maana alidhani hiyo ni ngazi.

Alikuwa na bilauri moja tu yenye mguu mrefu, aliyoipata kazini, na hatukuuliza mtu anapataje bilauri kazini. Aliishika mguu kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Kwanza aliinyanyua kwenye mwanga. Kisha aliizungusha. Kisha aliingiza pua yote, na ile haikuwa pua ndogo, akafumba macho, na hapo baraza zima liliacha kupumua. Alivuta divai mdomoni kwa mlio wa mtu anayekunywa uji wa moto, akaizungusha shavu hili na lile, akatema kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Kati ya divai na divai alitafuna kipande cha ugali uliopoa ili kusafisha ulimi. Mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, alilalamika kwamba ugali wenyewe unaipotosha divai, lakini hakuacha kuula.

"Mimi sinywi," alizoea kusema. "Mimi napima."

Alisema hivyo kila Jumamosi, na kwa chupa za mwanzo ilikuwa kweli. Kuanzia chupa ya nne lile kopo la kutemea lilipumzika. Jua likianza kuinama alikuwa amelala kwenye kiti chake cha uzi, mdomo wazi, na mke wake akitoka kulichukua kopo na kulimwaga kwenye migomba ya uani. Ndizi za pale zilikuwa kubwa kweli. Mimi na wenzangu tulisema ile ndiyo migomba pekee Tunduma inayolewa, na upepo ukivuma tulikuwa na ushahidi.

Mke wake alikuwa ameokoka na hakugusa kilevi. Yeye Bwana Forodha aliketi kanisani benchi la mbele. Siku ya Meza ya Bwana mchungaji alimfikia na kikombe, naye akakipokea kwa heshima zote, akainamisha kichwa, kisha mkono wake, nadhani bila yeye kujua, ukaanza kukizungusha. Mchungaji akasimama anamtazama. Bwana Forodha akanywa, akavumilia hadi mwisho wa ibada. Lakini mlangoni, watu wakipeana mikono, nilimsikia kwa masikio yangu akimnong'oneza mchungaji kwamba ni ya Wilaya, ila Wilaya ya chini, na kama kanisa litataka ushauri yeye yupo.

Alipenda sana kuhubiri kujitegemea. Tule chetu, tunywe chetu. Alihubiri hayo amevaa viatu vya Nakonde, amenawa kwa sabuni ya Nakonde, meno yakinukia dawa ya Nakonde, wakati sisi tulikuwa tunasugua kwa mkaa. Ukimwangalia miguuni akakuona, alisema ni vya zamani. Vilikuwa vya zamani kila mwaka.

Mama amesoma mpaka hapa na amesema niandike pia jema lake, vinginevyo nisimwonyeshe tena karatasi zangu. Haya. Alipokuwa kazini hakula hongo, na hilo hata madereva waliomchukia walilikubali. Na nilipokuwa mdogo, siku homa ilipopanda mpaka nikawa naongea na ukuta, ni yeye aliyenibeba kwenye baiskeli yake hadi zahanati, akisukuma kilima chote kwa miguu na kuniimbia nyimbo za kambi za Jeshi la Kujenga Taifa ili nisilale. Nimeandika. Tuendelee.

Hongo hakula, lakini masalia alikula. Hiyo ilikuwa desturi ya baraza lake. Chupa ikishapimwa, kilichobaki ndani yake kilikuwa cha mpimaji, na chupa yenyewe pia. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ulipimiwa, ukashukuru, ukaondoka mikono mitupu. Tatizo ni kwamba chupa zilikuwa zimeadimika kuliko divai. Mtu alitunza chupa tupu chini ya kitanda kama cheti cha ndoa.

Mama alikuwa mgeni kwenye mambo hayo. Baba alikwenda migodini Zambia nikiwa bado natambaa, akatuma salamu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akatuma mtu aseme amesalimia, halafu basi. Hatukuwa na shamba la kahawa. Mama alikuwa na divai yake ya masuku, na alikuwa na jina la kuwa mwanamke msafi ambaye kitu chake ukikinywa huamki na kichwa. Hayo mawili ndiyo yaliyotulisha.

Jumamosi yake ya kwanza barazani alipewa Wilaya. Kwa mgeni, hiyo ilikuwa kubwa. Watu wakamgeukia. Naye Mama, badala ya kushukuru na kuondoka, akaomba kwa adabu arudishiwe chupa yake, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameahidi kuipeleka jioni kwa mtu wa Nanyala. Akanyoosha mkono, akaichukua mezani pamoja na divai iliyobaki, akaifunika kizibo, akaaga.

 Bwana Forodha alitazama tu mahali ilipokuwa chupa, pale kwenye meza palipobaki duara la maji.

Jumamosi iliyofuata Mama alirudi na divai ya pipa lile lile. Na siku hiyo walikuwepo watu wa Itaka, waliokuja kuchagua divai ya harusi ya binti wa mwenyekiti wa chama chao cha ushirika, na walikuwa tayari wameshasikia habari za masuku. Bwana Forodha akainyanyua bilauri, akainusa kidogo tu, hata macho hakufumba. Akaonja, akakunja uso wote mpaka ukawa mdogo, akatema kwenye kopo kwa mlio.

"Hii haijapata kadi," akasema. Kisha akamgeukia mke wake. "Mama, kesho ukikata kachumbari usihangaike na ndimu. Tumeletewa siki."

Watu walicheka. Nawajua wote waliocheka, na wengine wao wana watoto ninaosoma nao, na watoto hao wamelipa kidogo kidogo kwa njia zangu. Watu wa Itaka walichukua ya mapera. Mpaka jua linazama, Mama Eliza, ambaye ndiye mama yangu, maana Eliza ni mimi, alikuwa ameshakuwa Mama Siki.

Jina lile lilikwenda kasi. Kisimani, Mama Siki. Kanisani, Mama Siki. Mwenye duka la ushirika alikuwa amekubali kuweka chupa zake kwenye rafu. Akatuma mtu kusema kwa sasa nafasi hakuna, na rafu yenyewe unaiona tupu mpaka ukutani. Mtoto akija kwetu kuomba moto aliagizwa kwa jina hilo, na mtoto hana kosa, ndivyo alivyolikuta. Mapipa yalikaa. Mama alijifanya hajali. Lakini nilimwona akiionja divai yake mwenyewe kila asubuhi, akisimama pale na kata mkononi, akionja tena, kama mtu anayejikagua kwenye kioo kutafuta alama ambayo wengine wanasema ipo usoni. Hilo ndilo sijamsamehe Bwana Forodha. Kicheko ningeweza kukisahau. Kumfanya Mama asiuamini ulimi wake, hapana.

Akina mama wengine walicheka siku ile, lakini walipofika majumbani mwao waliogopa. Kama divai ya Wilaya inaweza kuwa siki kwa wiki moja, nani yuko salama? Wakaanza kunong'ona kwamba mwenye ya mapera humpelekea kuku. Minong'ono ikamfikia Katibu Kata, na Bwana Forodha, aliyejiona mtu wa haki kuliko mizani ya kahawa, akatangaza utaratibu mpya. Kuanzia sasa chupa zote zitavaa soksi.

Zilikuwa soksi zake za kazi, zile ndefu za kufika magotini wanazovaa watu wa forodha na kaptula. Alikuwa nazo nyingi na miguu ya kuzivalia ilishastaafu. Mke wake alikataa kuzigusa chupa, kwa hiyo kila Jumatano soksi ziligawiwa majumbani. Uliivalisha chupa yako kwenu, ukaja ukaiacha mezani barazani yeye akiwa uani, kisha akaitwa. Alipima bila kujua ni ya nani, akataja ngazi, ndipo soksi ikavuliwa mbele ya wote. Ninakubali ilikuwa akili. Ingawa nina hakika nusu ya harufu alizozitaja siku hizo zilitoka kwenye soksi.

Mama hakwenda. Alisema baraza lile hatalipanda tena.

Halafu ikaja habari kwamba ugeni wa mkoa unakuja kutazama maendeleo, na Katibu Kata alitaka wageni wakaribishwe kwa divai ya hapa hapa. Akaamuru kila mtengenezaji apeleke chupa moja, na itakayoshinda itawekwa pia dukani. Soksi ikaletwa kwetu kama hati ya kuitwa mahakamani. Mama akaitundika kwenye kamba ya nguo akasema hapo ndipo mahali pake.

Nikamwambia, "Mama, soksi haina jina. Atakayepimwa ni masuku."

 Asubuhi yake akasema nitafute chupa safi.

Nilikuwa darasa la saba wakati huo, na chupa nilijua inapokaa. Shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa Nakonde, na nyumbani kwake hufikia madereva wanaotoka kusini kabisa. Nilivuka Alhamisi, kama tunavyovuka wote kwenda kusalimia ndugu. Shangazi akaniambia, "Mwaiseni, mukwai," yaani karibu kwa Kibemba, anavyosema akitaka kunikumbusha kwamba yeye sasa ni wa ng'ambo, akanionyesha zilipo chupa tupu nyuma ya jiko. Zilikuwepo za kila namna. Nilichagua moja ya kijani, nzito, yenye karatasi nzuri isiyochanika: picha ya nyumba nyeupe chini ya mlima, na maandishi.

Maandishi nilikuwa nimeyasoma.

Shuleni kwetu tulikuwa tunaimba kila asubuhi kuhusu Makaburu. Tulikuwa tumechanga mahindi, debe kwa debe, kwa ajili ya ndugu zetu wanaopigania uhuru kusini. Mtoto wa darasa la kwanza alijua kwamba chungwa la Kaburu halitiwi mdomoni. Nikaiosha chupa ndani vizuri sana. Nje sikuiosha. Mama alipoijaza alisema ni chupa imara, na karatasi yake ina picha ya kupendeza. Mama hasomi Kiingereza. Mimi ndiye niliyeivalisha soksi.

Jumamosi ile baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Katibu Kata aliketi kwenye kiti cha mkono wa kulia, na chupa saba zilisimama mezani katika soksi zao kama walinzi wafupi. Mama alisimama nyuma kabisa, kanga imefunika mdomo.

Ya kwanza, Tawi. Ya pili, Kata. Ya tatu, Mkoa, na mwenye mapera akajitazama viatu kwa aibu ya furaha. Ya nne akainyanyua. Akaizungusha. Akaingiza pua, na safari hii pua ilikaa. Akaonja. Tukasubiri mlio wa kopo.

Hakutema. Alimeza, akafumbua macho, akatutazama kama mtu aliyeamshwa kwenye ndoto nzuri na watu asiowapenda.

"Ndugu Katibu," akasema, na sauti ilimtetemeka kweli, sitaki kumsingizia. "Tangu nianze kazi hii sijawahi kulitamka neno hili. Hii ni Taifa."

Watu wakapiga makofi. Katibu Kata mwenyewe akainuka ili apate heshima ya kuvua soksi. Akaivuta taratibu, kwa tabasamu la kupigwa picha, na ile nyumba nyeupe ikatokeza chini ya mlima wake.

Katibu alisoma. Midomo ilicheza kwanza bila sauti. Kisha akasoma kwa nguvu, kwa Kiingereza, na akawatafsiria wale wasiojua: imetengenezwa Afrika Kusini.

 

"Bwana Forodha," Katibu akasema polepole. "Umempa Kaburu Taifa?"

Ungemwona. Mtu aliyekuwa akifungua mizigo ya wenzake miaka yote, leo mzigo umefunguliwa kwake. Aliinyakua ile chupa, akamimina tena, akanywa kama mwenye kiu, na hapo, lazima nikubali, ulimi wake ulifanya kazi yake. Nilimwona akiijua. Uso ulipata nafuu kwa kitambo, halafu nafuu yenyewe ikageuka kitu kibaya zaidi, maana alijua pia ni ya nani.

"Chupa tu, Ndugu Katibu. Chupa tu ndiyo ya huko. Divai ni ya hapa. Ni masuku haya."

"Masuku ya nani?"

Mwenye masuku alikuwa mmoja tu mjini. Bwana Forodha akatazama watu, akanyoosha kidole nyuma.

"Ya Mama Siki."

Mama hakusogea. Aliishusha kanga kutoka mdomoni. "Hapa simwoni mtu wa jina hilo," akasema.

Hakuna aliyecheka. Katibu alikuwa bado ameishika soksi mkononi, anasubiri. Na Bwana Forodha alikuwa na njia mbili tu: ama amewapa Makaburu Taifa mbele ya Chama, ama ametoa Taifa kwa pipa lile lile aliloliita siki mbele ya watu wa Itaka. Jasho lilimshuka kwenye ile pua.

"Mama Eliza," akasema.

Mama akaendelea kumtazama.

"Mama Eliza, nakuomba. Sema kama ni yako."

Ningekuwa mimi ningemwacha hapo mpaka mwezi uandame. Mama alimwacha kwa muda wa kufunga kanga yake upya kiunoni, bila haraka, na akapita katikati ya watu mpaka mezani. "Ni yangu," akamwambia Katibu. "Divai ya porini kwetu, chupa nilipewa tupu na wifi yangu Nakonde. Kama kuna mahali chupa za hapa zinapatikana, Ndugu Katibu, nionyeshe niende." Katibu alikohoa. Mimi niliwahi kutumwa kwake kuazima taa, na ninajua mke wake anatunzia mafuta ya taa kwenye chupa ya namna gani. Katibu akaonja, akasema masuku ni masuku, akaamuru ile karatasi ibanduliwe hapo hapo.

 Tulipofunga mlango wetu Mama akanishika sikio, akalizungusha.

"Ulijua?"

"Nilijua nini, Mama?"

Akalizungusha tena, kisha akaliachia, akakaa juu ya gunia la pumba akacheka mpaka akajishika mbavu. Wiki ile akaacha kuonja asubuhi. Aliichota na kuifunga chupani bila kuiuliza.

Baraza la Jumamosi halikufanyika tena. Hakuna aliyelipiga marufuku. Watu walikuja mara moja mbili wakakuta kiti cha uzi kimeingizwa ndani, wakaacha kuja. Divai ya Mama ikakaa dukani, nami nikaenda sekondari ya bweni. Kinjia kile kati ya nyumba mbili mimi na Mama tulikivuka tukienda kwingine; yeye alisalimia, Mama aliitika, basi.

Muhula huu uliopita, nikirudi shule, basi letu lilipasua tairi Nanyala. Tukashuka. Kwenye ukingo wa kalvati alikuwa ameketi mzee mwenye kofia ya sufu iliyovutwa masikioni, kifurushi miguuni, naye akisubiri gari la upande wa pili. Nilimtambua kwa pua. Alikuwa amekonda, na homa ya msimu wa mvua, Mama alikuwa ameshaniambia, ilimnyang'anya uwezo wa kunusa. Mke wake alisema siku hizi chakula chote anakitia chumvi mara mbili na bado anauliza kama kimetiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni Eliza?" Akanitazama juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye mkono wangu. Nilikuwa na chupa. "Hiyo ni ya mama yako?"

Ilikuwa chai. Chai ya rangi, ya jana, baridi, isiyo na sukari kwa sababu sukari haikuwepo. Sisi wanafunzi tunasafiri nayo hivyo. Lakini ile chupa ilikuwa chupa ya divai, na mimi nimeumbwa nilivyoumbwa.

"Ndiyo, mzee. Ya mwaka huu. Karibu upime."

Nilimmiminia kwenye kikombe changu cha safari. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakinyanyua kwenye mwanga. Akakizungusha. Akaingiza pua, ile pua ambayo ilikuwa haina kazi tena, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, magari yakipita. Kicheko changu kilikuwa tayari kooni, na nilikuwa nimeshachagua ni nani wa bwenini nitamsimulia kwanza.

Akanywa yote. Ulimi wa mtu hata ukifa unajua uchungu wa majani ya chai. Na chai ya kwetu ina moshi.

Akafumbua macho akanirudishia kikombe, amekipangusa kwa kitambaa chake.

"Taifa," akasema. "Mwambie Mama Eliza. Mwambie nimesema Taifa."

Nilimtazama kutafuta kama ananichezea. Yeye alikuwa akiangalia barabara. Kondakta akapiga bodi la basi kwa kiganja, nami nikapanda, na kicheko kile sijui kilishuka wapi.

Mama huniuliza kwenye barua kama niliwahi kuonana na jirani. Namjibu nilimwona, hajambo. Ujumbe wake ninao mimi, na karatasi hizi za mwisho Mama simwonyeshi. Nyumba yetu anaijua, kinjia ni kile kile, na mlango wa Mama hauna ngazi za kupanda. Akitaka neno lile limfikie, avuke aliseme mwenyewe.